Ada si gharama: kuhifadhi data na ukubwa wa bloku

Kwa mara ya tatu mwezi huu nimemsikia mtu akisema, "Gharama ya kuhifadhi si tatizo, mtumaji ameshailipa kwenye ada." Safari hii ilikuwa Old Kampala, baada ya swala ya alasiri, na msemaji ni kijana anayezijua sarafu za mtandaoni kuliko wengi wetu tuliokuwa pale. Nilinyamaza kwa heshima ya wazee waliokuwepo. Hapa nitasema.

Maana kwanza, kwa haraka. Mtumaji ni mwenye kutuma sarafu ya mtandaoni, na ada ni malipo anayotoa ili muamala wake uingie kwenye bloku. Bloku ni fungu la miamala linaloongezwa kwenye daftari la sarafu. Kwa sarafu ya Bitcoin, huongezwa takriban kila dakika 10. Ukubwa wa bloku ni kikomo cha data inayoruhusiwa kuingia katika fungu moja. Gharama ya kuhifadhi ni mzigo wa kuitunza data hiyo, na wanaoubeba ni waendeshaji wa nodi, yaani kompyuta zinazokagua na kutunza daftari.

Sasa maneno yenyewe, maana kosa limeanzia humo. Ada imetoka Kiarabu, kwenye neno la desturi, na hata katika Kiswahili bado tunasema "ada na desturi". Ada ya mwalimu au ya mganga ni kile ambacho kwa desturi humpa aliyekufanyia kazi, kwa hiyo ina mtoaji na ina mpokeaji. Gharama nayo ni ya Kiarabu, lakini huko ni faini, fidia, hasara inayomlazimu mtu. Gharama haihitaji mpokeaji, inahitaji wa kuibeba tu. Ndiyo maana mmoja anaweza kupokea ada leo na mwingine akabeba gharama miaka na miaka. Katika Bitcoin ndivyo ilivyo hasa: ada humwendea mchimbaji aliyetunga bloku, mara moja, na mwenye nodi hapati hata shilingi.

Neno kuhifadhi pia linapotoshwa. Watu wanawaza ghala: gunia moja, mahali pamoja, kodi imelipwa. Sisi tuliopita madrasa tunajua kuhifadhi kwingine. Wanafunzi 40 wakihifadhi sura hawagawani aya. Kila mmoja huibeba nzima kifuani, na anayekosea husahihishwa na wenzake. Nodi isiyofuta kitu huhifadhi hivyo. Ukiongeza aya moja, vifua 40 vimeongezewa. Tuseme nodi ni 10,000: muamala wa baiti 250, mdogo kuliko ujumbe wa rambirambi, unachukua megabaiti 2.5 za dunia, ingawa mtumaji amelipa ada moja.

Kikomo cha megabaiti 1 kwa bloku ya Bitcoin kiliwekwa na mwanzilishi wake, anayejulikana kwa jina la Satoshi Nakamoto, mwaka 2010. Bloku 144 kwa siku ni 52,560 kwa mwaka, yaani zikijaa, kama gigabaiti 53 kwa kila nodi. Mwaka 2017 waliotaka bloku kubwa walijitenga na kuanzisha Bitcoin Cash yenye megabaiti 8, na mwaka uliofuata wakafika 32. Kwa 32, bloku zikijaa, ni zaidi ya terabaiti 1.6 kila mwaka. Wana hoja, nakubali: bei ya diski imeshuka sana tangu Bitcoin ilipoanza 2009. Lakini nodi mpya haianzii leo. Lazima ishushe na kukagua daftari lote tangu Januari 2009, ambalo kwa Bitcoin limeshapita gigabaiti 600. Hapa Uganda, ambako tangu Julai 2021 data ya intaneti inatozwa ushuru wa asilimia 12, diski unaweza kuinunua mara moja ukamaliza. Bando ndilo litakalokushinda.

Kuna tofauti nyingine isiyosemwa kabisa. Bloku za zamani nodi inaweza kuzifuta baada ya kuzikagua, ikabaki na megabaiti 550 tu za bloku. Isichoweza kufuta ni orodha ya sarafu ambazo bado hazijatumika, kwa sababu kila muamala mpya hukaguliwa humo. Miamala miwili yenye baiti sawa inaweza kuwa na gharama tofauti kabisa: mmoja unakusanya sarafu ndogo kumi kuwa moja na kuipunguzia orodha mzigo, mwingine unapasua moja kuwa nyingi. Mabadiliko ya kanuni za Bitcoin yaitwayo SegWit, ya Agosti 2017, yaliligusa hili. Kikomo kikawa uzani badala ya ukubwa mtupu: baiti ya sahihi (saini ya kidijitali ya mwenye sarafu) inahesabiwa robo ya baiti nyingine, na sahihi haziingii kwenye orodha ile. Kwangu hiyo ndiyo mizani iliyofikiriwa vizuri kuliko zote, kwa sababu ilianza kuuliza ni data ipi inayobaki, si data ngapi tu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, utakapoirudia hoja yako sema hivi: mtumaji amelipa ada ya nafasi ndani ya bloku. Gharama ya kuhifadhi bado iko kwa mwenye nodi. Ukiamini kwamba ni ndogo, huenda uko sahihi, ila tuoneshe kwa hesabu ya diski yake na bando lake, si kwa risiti ya mtumaji.