Mkomamanga wa Wonderful: kwa nini matunda hupasuka

Swali ninaloulizwa sana kuhusu aina hii ni moja: mbona komamanga hupasuka likikaribia kuiva? Wakulima wengi huilaumu mbegu au mche. Mara nyingi kosa liko kwenye maji.

Udongo ukikauka kwa muda mrefu, ganda hukakamaa. Kisha maji mengi yakija kwa mkupuo, punje za ndani huyafyonza na kuvimba, na ganda lisiloweza tena kutanuka huchanika. Mwagilia kwa ratiba isiyoyumba mpaka mavuno, na utandaze nyasi kavu kuzunguka mti bila kugusa shina. Ni kweli mkomamanga huvumilia ukame, ila uvumilivu huo ni wa mti, si wa tunda.

Wonderful ilitokana na kipandikizi cha Florida, ikaanza kuzalishwa California mwaka 1896, na mpaka leo ndiyo aina kuu ya biashara huko. Tunda lake ni kubwa, jekundu la kuiva, na punje zimejaa maji yenye utamu na ugwadu kidogo. Kokwa zake ni ngumu kiasi. Asiyependa kuzitafuna atafute aina nyingine.

Usiipande kwa mbegu, kwani mche hautafanana na mama yake. Kata kijiti kilichokomaa, unene wa penseli, urefu wa sentimita 20 hadi 25, mti ukiwa umepukutisha majani. Chagua mahali penye jua la kutosha na pasipotuamisha maji, uache mita 4 hadi 5 kati ya miti. Machipukizi ya shinani yaondoe mapema, yanakula nguvu bure.

Yachunguze maua kwa karibu. Lenye kitako kipana kama chungu ndilo hubeba tunda; lenye umbo la kengele na kitako chembamba hudondoka, wala si ugonjwa.

Tangu ua mpaka mavuno ni miezi 6 hadi 7. Tunda haliendelei kuiva likishachumwa, kwa hiyo usiwahi. Lililo tayari hupoteza uduara, mbavu zake huwa bapa, na ukiligonga kwa kidole hutoa mlio kama wa bati. Kata kikonyo kwa mkasi, usivute. Ukishika tunda lenye ganda zima lakini jepesi kuliko lilivyo kubwa, lipasue kwanza: huenda kuvu wa Alternaria wamelifanya jeusi ndani.