Nafuu ya kodi ya elimu ya chuo Marekani: nani hasa anastahili?

Nafuu ya kodi ya elimu ni fedha ambazo serikali ya Marekani humpunguzia mlipakodi kwenye kodi yenyewe anayodaiwa, kwa kuwa mwaka huo yeye, mwenzi wake au mtegemezi wake alilipiwa ada ya chuo. Anayedaiwa kodi ya dola 1,800 akiwa na nafuu ya 1,500 hulipa 300 tu.

Zipo nafuu mbili. Kubwa ni American Opportunity Tax Credit, kwa kifupi AOTC, ambayo hufika dola 2,500 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Dola 2,000 za kwanza za gharama huhesabiwa zote, kisha asilimia 25 ya dola 2,000 zinazofuata. Mwanafunzi awe bado hajamaliza miaka minne ya kwanza ya chuo, awe anasomea shahada au cheti kinachotambulika, na kwa walau muhula mmoja awe amebeba angalau nusu ya masomo ya mwanafunzi wa muda wote. Asiwe ametiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai la dawa za kulevya, wala nafuu hii isiwe imeshadaiwa kwa ajili yake kwa miaka minne. Ada na vitabu vinahesabika. Pango, chakula, nauli na bima havihesabiki, hata kama ndivyo vilivyokula pesa nyingi zaidi.

Sehemu inayonisikitisha kuona watu wakiipoteza ni hii: asilimia 40 ya AOTC hurudishwa taslimu hata kwa mtu asiyedaiwa kodi. Chukua mama anayetunza wazee Minneapolis, kipato chake kidogo, kodi yake sifuri. Binti yake yuko chuo cha jamii na ada iliyotoka mfukoni ni dola 2,600. Nafuu inakuja 2,150, na asilimia 40 yake ni dola 860 anazotumiwa mama huyo. Wengi wenye kipato kama chake husema, "Mimi sidaiwi kitu, nijaze fomu ya kodi ya nini?" Hela yao inabaki serikalini.

Swali linalozua mabishano mengi katika familia ni nani adai. Sheria haimtazami aliyetoa pesa. Mzazi akimwandika mwanafunzi kama mtegemezi wake, mzazi ndiye anayedai, hata kama kijana alijilipia kwa mshahara wake au kwa mkopo. Mjomba akilipa ada hiyo, inahesabiwa kwamba mwanafunzi ndiye aliyelipa, na nafuu inamwendea mzazi vilevile. Mjomba hapati kitu.

Hapo ndipo ndugu zetu wengi walio Marekani wanaposhangaa. Unamsomesha mpwa wako Mwanza au Eldoret, risiti zote unazo, lakini huwezi kudai. Mtegemezi lazima awe raia au mkazi wa Marekani, au mkazi wa Kanada au Meksiko, na chuo lazima kiwe kimekubaliwa katika mpango wa misaada ya wanafunzi wa serikali ya Marekani. Mwanafunzi aliyekuja kwa viza ya F-1 naye, kwa kawaida, hahesabiwi mkazi wa kikodi katika miaka yake mitano ya kwanza, hivyo hastahili, isipokuwa ameoana na raia au mkazi na wakachagua kujaza fomu pamoja.

Kipato nacho kina mpaka. Nafuu huanza kupungua mtu asiye na mwenzi akivuka dola 80,000 na kuisha akifika 90,000. Kwa wanandoa wanaojaza pamoja ni 160,000 na 180,000. Wanandoa wanaojaza mbalimbali hawapati kabisa.

Ruzuku ya Pell, msaada wa serikali ya Marekani kwa wanafunzi wa kipato kidogo, inahitaji uangalifu. Ada ikiwa dola 3,500 na Pell 5,000, ukihesabu kwamba Pell ndiyo iliyolipa ada yote, hakuna kinachobaki cha kudai. Lakini pale masharti ya ruzuku yanaporuhusu itumike kwa matumizi ya kuishi, mwanafunzi anaweza kuhesabu kwamba sehemu yake ililipa pango na chakula. Sehemu hiyo inakuwa kipato chake, ada inabaki huru, na kwa kijana mwenye kipato kidogo mara nyingi hakuna kodi inayoongezeka. Piga hesabu zote mbili kabla ya kutuma.

Nafuu ya pili, Lifetime Learning Credit, ni asilimia 20 ya gharama hadi dola 10,000, yaani dola 2,000 kwa fomu nzima hata wanafunzi wakiwa watatu. Hairudishwi taslimu, ila haina ukomo wa miaka, na kozi moja ya kuongeza ujuzi wa kazi inatosha. Kwa mwanafunzi mmoja huwezi kudai zote mbili mwaka uleule.

Chuo hutoa Fomu 1098-T, inayoonyesha ada iliyolipwa, kufikia mwisho wa Januari. Wewe unajaza Fomu 8863 ya kudai nafuu. Tunza risiti za vitabu, kwa sababu 1098-T mara nyingi haivionyeshi. Usimwachie mjazaji fomu akuandikie mwanafunzi asiyekuwepo: anayedai AOTC kwa kupuuza sheria hufungiwa kuidai tena kwa miaka miwili, na kwa udanganyifu miaka kumi. Na kama ulistahili mwaka uliopita ukapitwa, Fomu 1040-X hurekebisha, kwa kawaida ndani ya miaka mitatu tangu ulipotuma fomu ya awali.