Mbadala wa nini?

Juzi nilikuwa Marikiti, soko letu la Mombasa, kwenye duka la viungo, nyuma ya mama mmoja wa buibui aliyekuwa akipimiwa tangawizi kavu na habasoda. Ni za dadake, alisema, ana saratani ya matiti.

"Kumbe mwatumia tiba mbadala," kijana wa duka akasema huku akikunja gazeti.

"Ndiyo, mbadala."

"Kwa hivyo hospitali ameacha, mama?"

Mama akamtolea macho. "Aache vipi? Jumatatu yuarudi kwa kemo!" Yaani zile dawa za hospitali za kuua saratani.

Kijana aliuliza swali la haki kabisa. Neno ndilo lililomponza, na neno hilo nalisikia likitumiwa hivyo redioni, matangani, hata vinywani mwa wauguzi.

Maana yenyewe ni fupi. Mgonjwa akiacha matibabu ya hospitali na kushika kitu kingine, hiyo ni tiba mbadala. Akiendelea na matibabu na kuongeza kitu pembeni, hiyo ni tiba ya nyongeza. Wengine huiita tiba kamilishi.

Sasa lile linaloniudhi. "Mbadala" ni mtoto wa "badala", neno la Kiarabu, ndugu yake "badili". Palipo na badala pana kilichoondoka. Umekosa sukari, ukatia asali chaini: asali ni mbadala. Lakini mbaazi asubuhi hazikuja kuwafukuza mahamri sahanini, na hakuna Mmombasa atakayeziita mbadala wa mahamri. Kwa chakula twajua tofauti hii bila kufundishwa. Ikifika kwa maradhi twaisahau.

Kuna na "asili", linalozidi kuvuruga. Tanzania ina sheria ya mwaka 2002 ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, na maneno hayo mawili yamezoea kutajwa kwa pumzi moja hadi watu wadhani ni kitu kimoja. "Asili" lasema dawa imetoka wapi. Halisemi mgonjwa ameacha nini. Kile kiua cha rangi ya waridi au cheupe kinachojiotea kando ya kuta za nyua zetu, ambacho kwao ni Madagaska, ndimo inamotoka vinkristini, dawa ya kemo wanayopewa watoto wenye saratani ya damu. Inatoka mmeani, na inatundikwa wodini kwa dripu. Utaiita mbadala?

Kwa hivyo hakuna mmea uliozaliwa mbadala. Chukua kombe: aya zimeandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Akinywa usiku na asubuhi akaenda kwenye mionzi, ni nyongeza. Akinywa baada ya kuitupa kadi ya kliniki, ni mbadala. Sahani ni ile ile, zafarani ni ile ile.

Na si ubishi wa wapenda kamusi tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha mwaka 2018 uchunguzi wa wagonjwa 281 wenye saratani ambayo haijasambaa, waliochagua mbadala peke yake: hatari yao ya kufa ilikuwa mara 2.5 ya wenzao waliotibiwa kwa njia ya kawaida. Mwaka huo huo watafiti hao wakatazama waliotumia nyongeza, na hapa nakiri mpaka wangu unavuja. Hao nao walikufa zaidi, kwa sababu wengi walikubali sehemu ya matibabu na kukataa nyingine. Asilimia 34 walikataa kemo, dhidi ya asilimia 3 ya wenzao. Walijiita watu wa nyongeza, kumbe kidogo kidogo walikuwa wakibadilisha.

Tena nyongeza halisi nayo yataka kusemwa kwa daktari. Tangawizi yaweza kumpunguzia mtu kichefuchefu, lakini iko mimea mingine inayolifanya ini liiondoe dawa ya kemo mwilini kabla haijafanya kazi.

Kwa hivyo mama yangu wa Marikiti, ulichobeba kwenye lile gazeti, maadamu Jumatatu iko pale pale, ni tiba ya nyongeza. Na hiyo Jumatatu mwambie dadako aende nacho, daktari akione.