Kinyesi cha mfalme alikibeba nani?

Wanafunzi wakiingia Makumbusho ya Vyoo ya Sulabh, New Delhi, wengi hukimbilia kiti cha enzi cha Louis XIV. Ni nakala tu, lakini inachekesha: inasimuliwa kwamba mfalme wa Ufaransa alizungumza na wageni huku ameketi juu ya tundu. Mimi ni mhandisi wa majitaka. Nikiongoza kundi huwaacha wacheke na kupiga picha, kisha huwauliza: kinyesi cha mfalme alikibeba nani?

Ukishika swali hilo, ukumbi mzima unaeleweka. Mohenjo-daro, mji wa kale katika Pakistan ya leo, yapata miaka 4,500 iliyopita, maji machafu yaliondolewa kwa mifereji ya matofali ya kuchoma. Mwaka 1775 Alexander Cumming alisajili hataza ya choo chenye bomba lililopinda kama herufi S. Maji yanayobaki kwenye mpindo huzuia harufu isirudi juu. Kwangu mimi, mpindo ule una thamani kuliko viti vyote vya wafalme. Lakini London ilipoongeza vyoo vya kuvuta kabla ya kujenga mabomba makuu, uchafu uliishia mto Thames, na kiangazi cha 1858 uvundo ukawafikia wabunge puani. Ndipo mhandisi Joseph Bazalgette akapewa kazi ya kujenga mabomba makuu.

Mimi hukawia zaidi kwenye choo cha mashimo mawili. Bindeshwar Pathak, aliyeanzisha shirika la Sulabh mwaka 1970 na makumbusho haya mwaka 1992, alikieneza India kwa sababu watu wa tabaka la chini walilazimishwa kuzoa kinyesi kwa mikono na kukibeba kichwani. Unamwaga lita moja na nusu hivi ya maji. Chemba yenye njia mbili huelekeza uchafu kwenye shimo moja. Likijaa, unafungua njia ya pili na kuliacha la kwanza lipumzike.

Kwa nini yasitumike yote mawili kwa pamoja? Swali zuri, na huulizwa mara nyingi. Yatajaa kwa pamoja, na mtu atalazimika kuchota kinyesi kibichi. Shimo likipumzika kama miaka miwili, maji hunywea ardhini, vijidudu hufa, kinachobaki ni mbolea kavu.

Sitaki waondoke wakidhani choo hiki kinafaa kila mahali, ingawa. Maji ya ardhini yakiwa juu, shimo litachafua visima. Kwenye mwamba, maji hayapati pa kunywea. India ilipiga marufuku ubebaji wa kinyesi kwa mikono mwaka 1993, ikakaza sheria 2013, na bado wapo wanaoufanya.