Je, wajua kwa nini Ninoy Aquino alirudi kwao kwa jina la Marcial Bonifacio?

Tarehe 21 Agosti 1983, saa saba mchana na dakika chache, ndege ya China Airlines kutoka Taipei ilitua Manila. Miongoni mwa abiria alikuwemo bwana mmoja mwenye suti nyeupe ya safari, na ndani ya suti alivaa fulana ya kuzuia risasi. Alikuwa amezunguka nchi kadhaa za Asia kwa pasipoti yenye jina la Marcial Bonifacio, mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Mwenye pasipoti alikuwa Benigno Aquino Mdogo, seneta wa zamani wa Ufilipino, ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina la utani, Ninoy.

Cha ajabu ni kwamba ndani ya ndege hiyo hakuwa anajificha. Alizungukwa na waandishi wa habari na kamera zao, na shemeji yake, mwandishi wa televisheni ya Kimarekani, alikaa karibu naye. Sasa mtu anayejulikana hivyo jina la bandia la nini?

Jibu la haraka ni kwamba serikali ya Rais Ferdinand Marcos ilikataa kumpa pasipoti. Mashirika ya ndege nayo yalikuwa yameonywa kwamba atakayemleta hatatua. Aliyemsaidia kupata hiyo pasipoti ni Rashid Lucman, mbunge wa zamani kutoka Mindanao, kusini kwenye Waislamu wengi. Jina lenyewe ni kejeli. Sheria ya kijeshi, ambayo Marcos aliitangaza mwaka 1972, kwa Kihispania, lugha iliyowaachia Wafilipino majina yao mengi, ni "ley marcial". Na Fort Bonifacio ndiyo kambi ya jeshi alikofungwa Ninoy. Ni kama mtu ajiite Bwana Kizuizini wa Gerezani, kisha apite nalo uhamiaji na kugongewa muhuri.

Ila mimi kinachonivutia zaidi ni jina alilolazimika kuliacha. Aquino halikuwa jina la kawaida. Maisha yake yote lilimtangulia mlangoni, mara likimfungulia, mara likimletea balaa.

Babu yake, Servillano Aquino, alikuwa jenerali katika jeshi la mapinduzi lililopigana na Wamarekani mwanzoni mwa karne iliyopita. Alikamatwa, akahukumiwa kifo, kisha akasamehewa. Baba yake, Benigno Mkubwa, aliingia bungeni, akawa seneta na waziri. Wajapani walipoivamia nchi akashirikiana nao, akawa spika wa bunge walilolisimamia. Vita vilipoisha alifungwa gereza la Sugamo kule Tokyo, akarudishwa nyumbani akikabiliwa na mashtaka ya uhaini. Desemba 1947 moyo ulisimama akiwa anatazama ndondi jijini Manila. Ninoy alikuwa na miaka 15. Babu shujaa, baba msaliti machoni pa wengi, na kijana katikati.

Ukilijua hilo, mbio zake zinaeleweka. Akiwa na miaka 17 alikwenda Korea kuripoti vita kwa gazeti la Manila Times. Akiwa na miaka 21 alikuwa mpatanishi katika mazungumzo yaliyomfanya Luis Taruc, kiongozi wa Huk, waasi wa Kikomunisti, atoke msituni na kujisalimisha. Mwaka huohuo wa 1954 akamwoa Corazon Cojuangco, na Rais Ramon Magsaysay akawa mmoja wa wasimamizi wa harusi. Bibi harusi naye hakutoka kwa wanyonge: baba yake alikuwa mbunge, babu mzaa mama alikuwa seneta, na ukoo wake baadaye ulinunua Hacienda Luisita, shamba la miwa la maelfu ya hekta mkoani Tarlac. Ninoy ndiye aliyekuwa msimamizi wake kwa muda. Kwa hiyo tukisema ukoo wa kisiasa kule, tunazungumzia ardhi, kiwanda cha sukari, na wafanyakazi wanaopiga kura pale wanapolipwa mshahara.

Mwaka 1955 alichaguliwa kuwa meya wa Concepcion, mji alikozaliwa. Haraka haraka haina baraka: wapinzani walikwenda mahakamani wakidai hajatimiza umri uliotakiwa na sheria, akapoteza kiti. Hakukata tamaa wala hakungoja sana. Mwaka 1959 alikuwa makamu wa gavana wa Tarlac, na 1961 gavana, akiwa bado hajafika miaka 30. Novemba 1967 akagombea useneta, na kalenda ikamkaba tena. Katiba ilitaka seneta awe na miaka 35. Siku ya uchaguzi yeye alikuwa amepungukiwa na siku 13. Upande wa Marcos ulilishikia bango jambo hilo, naye akajibu kwamba cha kuhesabu ni siku mshindi anapotangazwa na kuapa. Akashinda kesi. Katika viti vinane vilivyogombewa mwaka ule, chama chake cha Liberal kilipata kimoja tu, na ni hicho chake.

Seneti ya Ufilipino ina watu 24 tu, na wote huchaguliwa na nchi nzima badala ya jimbo. Ndiyo maana kila seneta hujiona ni rais anayesubiri zamu, na Marcos alilijua hilo kwa kuwa naye alipitia humohumo. Ninoy hakumpa nafasi ya kupumua. Machi 1968 alisimama kufichua mpango wa siri uliopewa jina la Jabidah: vijana Waislamu wa kusini walikuwa wakifundishwa kijeshi ili wapenyezwe Sabah, eneo la Malaysia ambalo Manila ilikuwa ikilidai. Baadhi yao waliuawa kwenye kisiwa cha Corregidor. Ninoy alikwenda mwenyewe Jolo, kisiwa cha kusini, kuwatafuta wazazi na manusura kabla ya kuzungumza. Huyo mwandishi wa habari wa zamani alikuwa bado yumo ndani yake. Aliyempatia pasipoti miaka 15 baadaye alikuwa miongoni mwa viongozi Waislamu waliokasirishwa na Jabidah.

Mwaka 1969 akamgusa Imelda, mke wa rais, kwa kukosoa jumba la utamaduni alilokuwa akilijenga kwa fedha nyingi huku watu wakiwa na njaa. Wanaoijua familia ya Marcos watakwambia hilo halikusahaulika.

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Septemba 1972, askari walimkuta katika hoteli ya Hilton ya Manila akiwa kwenye kikao cha kamati iliyojadili ushuru wa forodha. Alikuwa wa kwanza kwanza kukamatwa. Asubuhi redio zilikuwa kimya, magazeti hayakutoka, na jioni Marcos akatangaza kwenye televisheni kwamba nchi iko chini ya sheria ya kijeshi. Bunge likafungwa. Kazi ya utunga sheria ya Ninoy iliishia hapo, miaka mitano tu toka achaguliwe.

Mwaka 1973 yeye na seneta mwenzake, Jose Diokno, walifungwa vitambaa machoni, wakapakiwa kwenye helikopta hadi kambi ya Laur, mkoa wa Nueva Ecija. Huko alitengwa chumbani peke yake kwa takriban mwezi mmoja, amevuliwa nguo akaachiwa za ndani, amenyang'anywa hata miwani na pete ya ndoa. Waliomfahamu wanasema aliyeingia Laur na aliyetoka ni watu wawili. Yule mwanasiasa mwenye maneno mengi na mahesabu mengi akaanza kusali. Naona hapa ndipo mtoto wa ukoo alipoanza kuwa mtu mwingine, maana pale ukoo haukuweza kumsaidia kitu.

Mwaka 1975 akagoma kula kwa siku 40 kupinga kuhukumiwa na mahakama ya kijeshi. Uzito ulishuka kutoka kilo 54 hadi 36. Mahakama haikuyumba: tarehe 25 Novemba 1977 ilimhukumu kifo kwa kupigwa risasi, kama babu yake alivyowahi kuhukumiwa kifo na Wamarekani. Hukumu haikutekelezwa.

Kisha likaja lile la 1978. Marcos aliitisha uchaguzi wa bunge la mpito, na mfungwa aliyehukumiwa kifo akagombea kutoka selo. Chama chake kiliitwa Lakas ng Bayan, yaani nguvu ya umma, na kifupi chake, LABAN, kwa Kitagalogi maana yake ni pigana. Nje, binti yake wa mwisho, Kris, mwenye miaka saba, alipandishwa majukwaani kumwombea baba kura. Mkesha wa uchaguzi, tarehe 6 Aprili, jiji la Manila lilitoka nje likipiga sufuria, honi za magari, kengele, chochote chenye sauti. Kesho yake kura zikapigwa, na wagombea wote 21 wa LABAN wa Manila wakatangazwa wameshindwa. Aliyeongoza orodha ya washindi alikuwa Imelda.

Machi 1980 moyo wake ukagoma. Moyo, kama wa baba. Marcos hakutaka afie mikononi mwake, akamruhusu aende Marekani kufanyiwa upasuaji. Kwa jumla alikuwa amekaa kizuizini miaka saba na miezi saba. Familia ikahamia Newton, karibu na Boston, naye akapata nafasi ya utafiti Harvard na baadaye MIT. Corazon alikuja kuiita miaka ile mitatu ya raha kuliko yote ya ndoa yao.

Kwa nini basi arudi? Imelda mwenyewe alimwonya walipokutana New York, na waziri wa ulinzi, Juan Ponce Enrile, akampelekea simu ya maandishi kwamba kuna njama za kumuua. Lakini habari zilikuwa zimeenea kwamba Marcos anaumwa figo, na Ninoy aliamini akichelewa, nchi itaangukia mikononi mwa majenerali au wapiganaji wa msituni. Alitaka kuzungumza na Marcos ana kwa ana. Wengine wanasema ni tamaa ya urais ile ile ya zamani. Mimi sioni kwa nini haiwezi kuwa yote mawili.

Alipitia Los Angeles, Singapore, Malaysia na Hong Kong, akamalizia Taipei. Ndege ilipotua Manila, askari waliingia wakamteremsha kwa ngazi za pembeni, waandishi wakazuiwa mlangoni. Haikupita dakika, milio ya risasi ikasikika. Alipigwa kisogoni, mahali ambapo fulana haifiki, kama alivyokuwa amewaambia waandishi njiani. Serikali ikasema muuaji ni mtu mmoja, Rolando Galman, ambaye naye alikuwa amelala hapo chini, maiti. Mwaka 1990 mahakama iliwatia hatiani wanajeshi 16. Nani aliyetoa amri, hakuna mahakama iliyowahi kusema.

Mazishi ya tarehe 31 Agosti yalichukua kutwa nzima, asubuhi hadi usiku, huku mamia kwa maelfu ya watu wakijipanga barabarani. Februari 1986 Corazon, ambaye alipenda kujiita mke wa nyumbani tu, akagombea dhidi ya Marcos. Kura zikaibwa, umati ukajaa barabara ya EDSA kwa siku nne, Marcos akapanda ndege ya Wamarekani kwenda Hawaii. Jina la Aquino likaingia ikulu.

Katiba mpya ya 1987, iliyoandikwa chini ya urais wa mjane huyo, ina kifungu kinachosema dola itapiga marufuku koo za kisiasa "kama sheria itakavyofafanua". Maneno hayo ya mwisho ndiyo mtego wenyewe. Wa kufafanua ni Kongresi, yaani bunge, na Kongresi imejaa watoto, wake, waume na ndugu wa wanasiasa, kwa hiyo miongo ikapita bila sheria ya kuwagusa. Mwaka 2016 walipitisha kitu kidogo: ndugu wa karibu wa viongozi wasigombee mabaraza ya vijana ya mitaa. Wao wenyewe wakabaki salama. Kaka wa Ninoy alikuwa seneta, dada yake pia, na mwanawe alikuwa mbunge, seneta, kisha rais 2010 hadi 2016, akiwa ameingia kwenye kinyang'anyiro hicho muda mfupi tu baada ya nchi kumzika mama yake Agosti 2009. Mpwa wa Ninoy, Bam, alichaguliwa useneta 2013, na tena 2025. Mwaka 2022 ikulu ilichukuliwa na Ferdinand Marcos Mdogo.

Uwanja wa ndege alikouawa ulipewa jina lake mwaka 1987. Mwaka 2020 mbunge Paolo Duterte, mtoto wa rais wa wakati huo, aliungana na wenzake kupeleka muswada wa kuliondoa. Mwaka 2022 mbunge mwingine akaleta wake, akitaka uwanja uitwe Ferdinand Marcos. Miswada yote miwili ilikwama, na ndege bado zinatua Ninoy Aquino.