Kumfungia mtoto wa mbwa hakumfanyi awe mkali

Nina mtoto wa mbwa, jike, yuko wiki ya tisa, anasubiri wa kumchukua. Kila anayepiga simu, awe wa Uyole au wa Mwanjelwa hapa Mbeya, ana swali lile lile: "Dokta, nikimfungia bandani tangu sasa asione watu, si ndiyo atakuwa mkali?" Hapana. Atakuwa mwoga. (Wa kumlisha pilipili sitawajibu kabisa.)

Mbwa mwoga hubweka sana, ndiyo maana mnamwona mkali. Lakini hachagui. Anambwekea mwizi, anambwekea muuza mkaa, anambwekea na bibi aliyekuja kusalimia. Akibanwa anang'ata, na anayeng'atwa mara nyingi ni mtoto wa humo humo ndani. Mbwa wa kulinda lazima kwanza ayazoee ya kawaida: bajaji, mvua juu ya bati, mtu mwenye mwamvuli, watoto wanaokimbizana. Akishayazoea, lisilo la kawaida atalijua mwenyewe. Na umri wa kuyapokea hayo bila hofu ni mfupi: unaanza wiki ya 3, na kufikia ya 14 hivi umeshapita. Wewe ndiyo umemfungia!

Hapo sasa kuna parvo, ugonjwa wa virusi unaoharisha na kuua watoto wa mbwa, na hapo ndipo pananisumbua. Kinga aliyopewa na mama yake huizuia chanjo isishike, na haiishi siku moja kwa mbwa wote. Kwa hiyo tunarudia kila wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16. Nikingoja amalize, umri wa kuzoea umekwisha. Nikimwachia mapema, virusi hukaa kwenye udongo miezi na miezi. Mimi nambeba mkononi hadi barabarani, simshushi wanapopita mbwa nisiowajua. Ni kamari, sifichi.

Mengine ni mepesi. Ale kidogo kidogo, mara tatu au nne kwa siku; ugali sawa, lakini na dagaa wasio na chumvi au nyama. Maziwa ya ng'ombe yatamharisha. Kitunguu na mifupa iliyopikwa, marufuku. Dawa ya minyoo kila mwezi hadi miezi 6. Chanjo ya kichaa cha mbwa akifika miezi 3, na hurudiwa. Baridi yetu ya Juni na Julai mnaijua: gunia kavu juu ya mbao, si saruji tupu.

Anayemtaka aje na watoto wake wote, na mwenye kofia asiivue. Nataka awaone.