Mtoto anatibiwa lukemia, katokwa na vipele: maswali ya wazazi wa Pemba

Mwanangu katokwa na vipele baada ya kuanza dawa. Ndiyo saratani imeingia kwenye ngozi?

Mara nyingi siyo. Mtoto wa lukemia (saratani ya damu) hunywa na kuchomwa dawa nyingi kwa wakati mmoja, na karibu kila moja ina namna yake ya kujionesha. Asparajinasi haikawii: sindano imeingia, mara mabaka ya kuwasha, midomo inavimba. Ndiyo maana manesi hawamruhusu aondoke papo hapo. Sitarabini huweza kuleta wekundu wa viganja na nyayo pamoja na homa. Prednisoloni huleta chunusi na uso wa duara, na hayo hupungua ikishaachwa.

Ipi ya kuogopa zaidi?

Septrin, inayotolewa kuzuia nimonia, na alopurinoli, inayolinda figo siku za mwanzo. Wengi huzitumia salama. Lakini kwa wachache, kati ya siku chache na wiki nne tangu kuanza, mtoto hupata homa, macho mekundu na vidonda mdomoni, kisha ngozi inauma (inauma, si kuwasha tu), inatoa malengelenge na kuchunika. Vidonda vya mdomo peke yake huweza kuwa vya methotreksati, dawa nyingine ya saratani. Vikifuatana na macho na ngozi inayouma, hilo ni jambo la usiku huohuo.

Nimwachishe dawa?

Za saratani usiziache kwa uamuzi wako, piga simu kwanza. Ila ukiona malengelenge, usimpe kidonge kingine cha Septrin wala alopurinoli kabla ya kusema na daktari. Na usingoje boti ya kwenda Dar es Salaam eti kwa sababu faili lake liko Muhimbili. Nenda hospitali iliyo karibu, Wete, Chake Chake au Mkoani, na paketi zote za dawa mkononi, ili madaktari wawasiliane wao kwa wao. Homa ya 38 na zaidi ni dharura hata bila kipele kimoja.

Vidoa vidogo vyekundu visivyowasha?

Bonyeza bilauri ya kioo juu yake. Visipofifia, huenda ni damu iliyovuja chini ya ngozi kwa kuwa chembe sahani, zinazogandisha damu, zimeshuka. Akapimwe damu siku hiyohiyo.

Bibi yake anataka kumpaka liwa na mafuta ya karafuu.

Bibi tumheshimu, lakini mafuta ya karafuu huunguza ngozi iliyochubuka, na liwa juu ya kidonda huweza kuingiza vijidudu kwa mtoto asiye na kinga. Krimu za dukani zenye steroidi ni mbaya zaidi: zinaficha dalili. Ngozi kavu isiyo na jeraha, mafuta safi ya nazi yanatosha. Anayetumia methotreksati avae kofia na mikono mirefu, jua linamchoma upesi.

Je, huenda ni tetekuwanga?

Yawezekana, na kwa mtoto huyu inaweza kuua. Mwenzake wa skuli au wa madrasa akiugua tetekuwanga au surua, piga simu siku hiyohiyo, kabla mwanao hajatokwa na kipele. Kinga ya dharura hutolewa mapema, ikichelewa haisaidii sana.